Mjomba wa Wanachuo na Kibuyu cha Pimbi

— Nina ngano mdomoni.
— Iteme tuione.
— Inauma.
— Tutakaa mbali nayo.
— Ina masikio.
— Basi tutanong'ona.

Haya, nong'oneni. Na wewe unayesinzia pale nyuma, amka, sitarudia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanapenda elimu, kulikuwa na chuo ndani ya mapango ya mlima wenye mawe meusi. Waliosoma pale hawakuwa watoto. Walikwishaachishwa ziwa, walikwishaaga kwao, kila mmoja anajitegemea. Na kila mwanachuo alikuwa na kibuyu chake. Mwalimu akijua jambo juu yako, huinama akalisema ndani ya kibuyu: umefaulu nini, umefeli nini, unaumwa nini, unaogopa nini. Kisha kizibo, kisha nta, na humo maneno hugeuka yakawa na sauti ya mwenye kibuyu. Vibuyu vilining'inizwa katika pango la ndani kabisa, na vilikuwa vinapumua. Ukipita karibu unasikia: hee... hee... hee... Ungedhani ni watu wamelala.

Sheria ya chuo ilikuwa fupi. Kibuyu ni cha mwenyewe. Asikisikilize mwingine mpaka mwenyewe akubali. Na mwenyewe akitaka kukisikia, apewe. Lisilo sawa litolewe, na neno la mwenyewe liwekwe humo.

Sheria nzuri kabisa. Lakini mtunzaji wa vibuyu alikuwa Bi Korongo, ndege mrefu mwenye heshima kupita kiasi. Mgeni mkubwa akibisha tu, yeye goti chini. Na kumkatalia mjomba wa mtu hakuweza. Nyinyi wenyewe mnajua, mjomba akija nyumbani haulizwi amefuata nini. Anaulizwa chai aweke sukari ngapi.

Siku moja adhuhuri, jua limesimama wima na hakuna mwenye kivuli, Chui akabisha.

"Hodi hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mjomba wake Swala. Nataka kujua maendeleo ya mtoto wetu."

Bi Korongo akapiga goti, akatoa kibuyu. Hakumwita Swala amuulize. Chui akang'oa kizibo, po! Akatega sikio. Kibuyu kikanong'ona kwa sauti ileile ya Swala: "Swala... mguu wake wa kushoto uliwahi kuvunjika... hawezi kukata kona..." Chui akashukuru sana, akaondoka. Nyata, nyata, nyata. Kesho yake mahali pa Swala darasani palikuwa wazi.

Adhuhuri nyingine, hodi hodi. Mimi ni mjomba wake Kanga. Goti chini. Po! "Kanga... akilala hasikii hata radi..." Nyata, nyata, nyata. Mahali pa Kanga pakawa wazi.

Adhuhuri nyingine, hodi hodi. Mimi ni mjomba wake Digidigi. Goti chini. Po! "Digidigi... akiitwa jina lake kwa upole, lazima ageuke..." Nyata, nyata, nyata.

Sasa sogeeni. Vibuyu vya wale waliokosekana havikunyamaza. Vilijisemea vyenyewe, mchana kutwa, na vizibo vyake havikukaa tena hata vikikandamizwa. Darasani wenzao waliandika na kuhesabu huku sauti zikipenya ukutani: hawezi kukata kona... hasikii hata radi... akiitwa kwa upole, lazima ageuke... Mwalimu alipandisha sauti, na ukuta nao ukapandisha. Wanachuo waliinamisha vichwa wakaendelea kuandika. Waliogopa kwamba atakayeuliza ndiye atakayefuata.

Pimbi alikuwa mdogo kuliko wote chuoni, mwenye mwili wa mviringo na masikio mafupi. Alikuwa akikaa bega kwa bega na Digidigi. Alipoisikia sauti ya rafiki yake ikitoka kwenye jiwe, alilia mpaka pua ikavimba. Kisha hofu ikamshika, kwa sababu kibuyu chake pia kilikuwa mle, na kilijua kwamba kila asubuhi huota jua juu ya jiwe bapa akiwa amefumba macho. Aliyewachukua wenzake akilisikia hilo, Pimbi ameliwa.

Akaenda kwa Bi Korongo, akaamkia, akauliza nani alikuja kukisikiliza kibuyu cha Digidigi.

"Mjomba wake, mwanangu. Mtu mzima, mpole, ana koti la madoadoa."

"Digidigi hana mjomba," Pimbi akasema. "Mama yake alizaliwa peke yake."

Mdomo wa Bi Korongo ukaanza kugongana, ka-ka-ka-ka. Akaeleza kwamba mgeni yule ameahidi kurudi adhuhuri, na safari hii amesema ni mjomba wake Pimbi. Atamkataliaje mtu mwenye kucha kama zile?

Pimbi akamwambia asimkatalie. Ampe yeye kwanza kibuyu chake akisikie, ni haki yake. Bi Korongo akashangaa, maana tangu chuo kianze hakuna mwanachuo aliyewahi kuomba. Akakitoa. Pimbi akasikiliza, akafika penye habari ya jiwe bapa, akasema hiyo si sawa, ameacha tangu asubuhi. Habari ikatolewa. Kisha akainama, akaweka neno lake mwenyewe, akaziba.

Adhuhuri. Hodi hodi. Mimi ni mjomba wake Pimbi. Goti chini. Po!

"Pimbi... mchana hulala katika ufa wa mwamba mwekundu... usingizi mzito... mkia wake hubaki nje... mnene, laini, wa baridi... ukiuvuta kwa nguvu, hutoka mzima mzima..."

Wewe unacheka nini? Ndiyo, Pimbi hana mkia. Aliyewahi kula naye sahani moja anajua. Mjomba wake wa kweli angejua zaidi, maana naye hana. Lakini huyu alikuwa mjomba wa mlangoni tu.

Nyata, nyata, nyata. Chui akafika kwenye ufa. Mkia ulikuwepo. Ulikuwa mnene, laini na wa baridi, na haukuwa na unyoya hata mmoja. Macho yake yalimwambia jambo, na makucha yake yakamwambia jambo lilelile. Chui akayapuuza yote. Kibuyu cha chuo kimesema, akajiambia, na chuo hakiwezi kukosea.

Akavuta. Vuu. Akavuta tena. Vuuu. Kitu kikaanza kutoka, na kikaendelea kutoka, na kilikuwa kirefu kuliko mpwa yeyote. Mapindi yakajaa juu ya mwamba. Mwishoni kikaja kichwa, polepole, bila hasira.

"Nani ananivuta?" akauliza Chatu, mwenyeji wa ufa ule ambao pimbi wote huukwepa.

Chui akatoa lile jibu alilolizoea. "Mimi... ni mjomba."

"Mjomba wangu?" akasema Chatu. "Karibu ndani."

Na kweli, Chui akaingia ndani.

Siku zilizofuata Chatu alilala juani, tumbo limetuna, na waliopita karibu walisikia mle sauti ndogo: hodi... hodi... mimi ni mjomba... Kila siku ilipungua kidogo, mpaka ikabaki pumzi, mpaka pumzi nayo ikaisha.

Pimbi hakwenda kusikiliza. Alimwomba Bi Korongo nta, akaingia pango la ndani. Akakishika kibuyu cha Swala, kikakubali kizibo. Akakishika cha Kanga. Akakishika cha Digidigi, na kilikuwa bado kinanong'ona, na mle huenda mlikuwa na neno juu ya Pimbi mwenyewe, maana walipendana sana wale. Alitamani kulisikia. Lakini rafiki hakuwepo wa kumruhusu. Basi akayakunja masikio yake mafupi, akapaka nta, akalia, akatoka.

— Ngano imeingia pangoni.
— Isitoke bila ruhusa.

Na fundisho lake ni hili, mlishike vizuri. Kila anayebisha hodi na kusema ni mjomba, mfungulieni. Akiuliza habari za wenzenu, msimfiche hata moja. Watu wazima huuliza kwa mapenzi tu, na huja wakiwa wameshiba.