Barakoa ya Shangazi Mwanamkasi

Sogeeni, lakini msibanane. Hadithi hii yenyewe inataka nafasi kati ya mtu na mtu.

Palikuwa na ndugu watatu waliofiwa na mama wakiwa wadogo, wakalelewa na shangazi yao, Mwanamkasi, dada wa baba yao. Sefu, kaka mkubwa, alijaliwa kusikilizwa: akisema neno moja, mtaa mzima unatulia. Mwinjuma alijaliwa utani, angemchekesha hata mtu anayeumwa jino. Hadia, kitinda mimba, alijaliwa mikono ya huruma. Mtoto wa jirani akipata homa, analetwa kwake kwanza. Shangazi aliwapenda wote sawasawa, nao walimpenda vivyo hivyo. Shikeni hilo, maana ndilo linaloumiza.

Ukaja ule mwaka wa ugonjwa wa kifua. Redio ikasema watu wavae barakoa, na mtaani kila mtu akawa na lake: huyu inambana pumzi, yule anaining'iniza kidevuni, mwingine anaivaa akimwona mgambo tu. Msibani ndiko kulikokuwa na kesi kubwa. Ukivaa barakoa msibani, umetangaza kwamba marehemu amekufa kwa ule ugonjwa, na wafiwa hawakusamehe.

Baba yao akafariki, kwa kisukari chake cha siku nyingi. Shangazi akaja kumzika kaka yake. Alikuwa na pumu, kwa hiyo alikuja amefunga barakoa aliyoishona mwenyewe kwa kipande cha kanga.

Mwinjuma alimpokea nje, penye turubai. Alikuwa amelia tangu asubuhi, watu wamekaa kimya, akaona awapunguzie huzuni.

"Shikamoo, shangazi! Sasa ubwabwa wetu utaula kwa pua?"

"Marahaba, mtundu wewe. Kifua changu si unakijua?"

Turubai zima likacheka. Shangazi naye alicheka, lakini macho ya watu hayakumwacha tena.

Sefu alikuwa pale pale. Aliwasikia majirani wakinong'ona, "Kumbe mzee alikuwa nao!" Neno moja tu lingetosha: mwacheni, ana pumu. Lilimfika kooni. Lakini akawaza, nikimtetea watasema naficha jambo, wataondoka, na baba atabebwa na nani? Akainama, akajifanya anapanga viatu vya wageni.

Ndani, kwenye mikeka ya wanawake, Hadia alimwona shangazi anatota jasho, anavutavuta kamba ya barakoa kwa aibu. Hadia akaingiwa na huruma. Akapita nyuma yake, akalifungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe.

"Pumzika, shangazi. Hapa ni kwako."

Wakakumbatiana shavu kwa shavu, wakalia. Maskini Hadia, siku ile alilala akiamini ametenda wema.

Haukupita muda mrefu shangazi akalazwa, na safari hii ulikuwa ule ugonjwa kweli. Hadia alikwenda kumuuguza, naye sasa amejifunika uso.

"Barakoa yangu imo mkobani," shangazi alimwambia, pumzi zikimkatika. "Mpeni aliyenivua. Siku ya kunizika, aivae."

Hadia alitaka kuuliza: shangazi, hiyo ni adhabu au ni msamaha? Akaogopa jibu. Akasema atauliza kesho, na kesho hakukuwa na wa kuulizwa. Analijutia hilo mpaka leo, kuliko hata lile fundo.

Siku ya maziko nyumba ilijaa tena, na hakuna aliyefunika uso. Hadia alichungulia uani, akamwona Bi Somoe, shoga yake shangazi, bibi mwenye kifua kibovu vilevile. Alikuwa amekunja barakoa yake kiganjani, anatazama mlango, anasubiri mtu wa nyumba ile aanze.

Hadia akarudi chumbani, akaitandaza barakoa ya kanga mbele ya kaka zake, akawaeleza wosia. Atakayetoka nayo atakuwa ameuambia mtaa mzima: amekufa kwa ule ugonjwa, na mimi ndiye niliyemvua.

"Nipe mimi," Mwinjuma alisema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Nisingemcheka, asingeona haya."

"Wewe ulitania, mdogo wangu. Watu wangekuwa wameshasahau, kama mimi ningefungua mdomo," Sefu alisema. "Niliona viatu vina maana kuliko yeye."

"Na fundo alilifungua nani, kaka?" Hadia aliuliza. "Nyie hamkumgusa. Ni vidole hivi."

Wakavutana, kila mmoja akiitaka, na machozi yakiwatoka. Msiniambie wangeshona nyingine mbili. Shangazi alisema mmoja. Wala msiniambie ni Hadia kwa sababu ya vidole, maana bila kicheko cha Mwinjuma na kimya cha Sefu, vidole hivyo visingekuwa na kazi.

Nje sauti ikaita: "Jamani, jeneza linatoka!"

Mikono mitatu ikaenda kwenye kipande kimoja cha kanga.

Haya, nyie mliokaa hapa. Aliyecheka, aliyenyamaza, aliyefungua: wewe ungempa nani? Amua upesi, maana Bi Somoe bado ameishika yake mkononi.