Sanduku la Chini ya Kitanda cha Mwanakombo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya nani?

Ya aliyekaa akatulia!

Na asiyetulia?

Aende akanuse sanduku!

Haya, tulieni basi. Hapo zamani, katika mji wa Kivunde, palikuwa na mjane jina lake Mwanakombo. Mwanakombo alikuwa na maradhi ya sukari. Maradhi hayo unaamka nayo, unashinda nayo, unalala nayo. Miguu yake ilikufa ganzi, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikatoka kidonda kisichotaka kufunga.

Mji ule ulikuwa na mila yake. Zawadi ya Idi hairudishwi, haigawiwi, haitupwi. Ukipewa, pokea. Ukishapokea, weka. Hata ukipewa jiwe, weka.

Basi kila Idi ndugu zake walikuja. Kaka yake, Vuai, alileta halua. Halua, jamani, kwa mtu wa sukari! Mama yake mdogo, Bi Mgeni, alileta uturi. "Ujipake, mwanangu, upunguze harufu." Na binamu yake, Mafunda, alileta sanda. Ndiyo, sanda, msinitumbulie macho. "Iweke, dada. Mtu hajui siku yake."

Wote watatu walisimama mlangoni wameziba pua. "Mguu wake unanuka," wakanong'onezana. Wakarusha zawadi kitandani, wakakimbilia pilau. Watu hawa nikiwakumbuka nasikia kichefuchefu mpaka leo.

Mwanakombo alisema ahsante. Angesema nini? Angesema mganga amemkataza halua, wangesema hana shukrani. Basi akazitia zawadi zile katika sanduku chini ya kitanda. Idi ya kwanza akatia, Idi ya pili akatia, Idi ya tatu akatia, mpaka Idi zikafika sita.

Halua ikaota ukungu, ukungu ukaota manyoya. Uturi ukamwagikia sanda, sanda ikachacha. Na ndani ya uozo ule likazaliwa zimwi.

Zimwi gani hilo! Macho yanachuruzika usaha. Ngozi inanata kama halua iliyolambwa ikarudishwa sahanini. Likicheua, nzi wanaanguka chini wamekufa. Ptuu! Hata kulitaja nataka kutema mate.

Siku moja likatoa kichwa sandukuni, likaimba:

"Leta nile, leta nile,
Sanduku likijaa, nitakula wewe!"

Mwanakombo akauliza, "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mimi chakula changu ni zawadi za watu waliofumba macho. Umebakisha Idi moja tu, sanduku lijae. Siku hiyo nakula hata wewe, na nitaanzia kidole hicho kibovu."

"Na zawadi ya mtu aliyefumbua macho?"

Zimwi likacheka, funza wakalidondoka puani. "Hiyo sijawahi kuionja. Humu ndani haijaingia hata moja!"

Basi Mwanakombo alikuwa na wifi yake, Kazija, dada wa marehemu mumewe. Kazija alikuwa mshona makubadhi hodari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko shazia alilotobolea ngozi. Siku nne kabla ya Idi akaingia amevimba kwa hasira.

"Wewe wifi! Makubadhi niliyokushonea Idi iliyopita, yale ya shanga, mbona sijakuona nayo hata siku moja? Au mikono yangu inanuka?"

"Hayanitoshi, wifi yangu."

"Hayakutoshi vipi? Nilikisia kwa jicho, na jicho langu halikosei."

"Basi tazama mguu."

Kazija akasita. Mshona makubadhi mzima, na mguu wa wifi yake hajawahi kuutazama! Lakini maneno alikwisha kuyasema. Akapiga magoti, akafungua kitambaa. Akakuta mguu umevimba, umetanuka, na kidonda kimeoshwa vizuri kwa maji ya chumvi. Akasogeza pua. Akanusa mara ya kwanza. Akanusa mara ya pili. Akanusa mara ya tatu.

"Wifi, mguu huu haunuki."

"Najua."

"Sasa ni kitu gani kinachonuka?"

Mwanakombo akaonyesha chini ya kitanda. Akalia, akamweleza yote, neno kwa neno.

Kazija akavuta sanduku, akafunua kidogo. Akaliona zimwi linatafuna makubadhi yake ya shanga, udenda unalitiririka. Akafunika upesi, akatoka nje, akatapika. Aliporudi alikuwa mpole, na si kawaida yake.

"Kumbe hata mimi nimelilisha," akasema. "Wifi, Idi hii unataka nini?"

Mwanakombo akamkodolea macho. "Idi sita hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Nataka kutembea mpaka uwanja wa Idi nikaone watoto wanavyocheza, nirudi na mguu wangu haujachubuka. Basi."

Kazija akaweka mguu ule juu ya ngozi ya mbuzi, akauzungushia alama ya mkaa, na kidole kilichovimba nacho akakizungushia. Akashona siku tatu. Akatandika sufi ndani, na mshono akauacha nje usikwaruze. Yakatoka makubadhi mapana, hayana shanga, hayana urembo. Alfajiri ya Idi akaja akamvisha mwenyewe.

Haukupita muda, hao! Ndugu zake wakafika mlangoni, pua zimezibwa.

"Idi mubarak, dada!" Vuai akarusha halua.

"Idi mubarak, mwanangu!" Bi Mgeni akarusha uturi.

"Idi mubarak!" Mafunda akarusha sanda ya saba. Sanda saba kwa mtu mmoja, sijui alitaka afe mara ngapi!

Hazikufika kitandani. Sanduku lilifunguka, ulimi mrefu wenye utelezi ukazidaka moja baada ya moja. Zimwi likasimama, kichwa kikagusa dari.

"Leta nile, leta nile,
Sanduku limejaa, sasa nakula wewe!"

Wale watatu miguu ikawaganda palepale mlangoni. Zimwi likaukamata mguu wa kulia wa Mwanakombo, likautia kinywani, likauma kwa nguvu zake zote.

Meno yakakuta kubadhi. Likameza, halikumezeka. Likatafuna, halikutafunika. Likavuta mate, mate yakakauka.

"Hiki ni nini?" likauliza kwa sauti ya kukabwa.

"Hii ni zawadi yangu," akasema Mwanakombo. "Nimepewa na mtu aliyenitazama."

Tumbo la zimwi likanguruma. Likauachia mguu, likageukia mlangoni, likatapika. Likatapika halua ya Idi saba, yenye manyoya, juu ya kanzu nyeupe ya Vuai. Likatapika uturi uliochacha juu ya kichwa cha Bi Mgeni. Likatapika sanda saba zikamviringika Mafunda kuanzia shingoni mpaka miguuni. Likatapika, likatapika, likatapika, mpaka likajitapika lenyewe, pakabaki kidimbwi na nzi.

Na mila haikuvunjwa, maana hakuna mtu aliyerudisha zawadi. Zilirudi zenyewe.

Vuai akapangusa uso. Akanusa kanzu yake. Ilikuwa harufu ileile aliyoizibia pua miaka yote.

Kazija akawagawia mafagio. "Kila mtu afagie chake," akasema. Kisha akamshika wifi yake mkono, wakaenda uwanjani polepole. Mguu haukuchubuka.

Idi iliyofuata Vuai alifika mikono mitupu. Hakusimama mlangoni.

"Dada, nikufanyie nini?"

"Nikate kucha. Macho yangu hayaoni vizuri, naogopa kujijeruhi."

Vuai akapiga magoti, akaupakata mguu wa dada yake, akavuta pumzi.

"Haunuki," akasema, akainamisha kichwa kwa aibu.

"Haukuwahi kunuka, kaka yangu," akasema Mwanakombo. "Kata taratibu."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kucha za Mwanakombo. Nanyi mnaotaka kumpa mgonjwa wenu zawadi ya sikukuu, mtazameni kwanza, kisha mumuulize. Asiyeweza kumtazama, abaki na halua yake.