Kwa Nini Vyombo Hutolewa Nje Katika Mtaa wa Wafinyanzi

Sogeeni, wajukuu zangu. Hii ni habari ya kale, lakini si kale ya fisi na sungura. Ni kale ya juzi tu, na waliohusika walikuwa watu wenye akili zao timamu.

Wakati huo, katika mji mmoja wa Ujerumani, Mtaa wa Wafinyanzi haukuwa na jina la mtu hata mmoja chini kwenye njia ya miguu. Watu walipita na mikate yao na mbwa wao, wala hakuna aliyesimama mlangoni pa nyumba akauliza ni nani alitolewa humo. Na watu walitolewa. Chini ya utawala wa Wanazi, Wayahudi wa mtaa ule walichukuliwa mchana kweupe wakapelekwa kuuawa, na majirani wakajikausha kana kwamba hawakuona kitu.

Mmoja wao alikuwa Selma Marcuse, mjane mshonaji. Binti yake, Ilse, alikuwa amekwisha kutoroshwa na mjomba wake na kuletwa hapa Nakuru. Ndiye huyo huyo Mwalimu Ilse aliyenifundisha hesabu. Alizeeka hapa kwetu bila kuwa na hata picha ya mama yake.

Miaka mingi baadaye wakazi wa mtaa ule waliamua kumwekea Selma jiwe: kijiwe cha ukubwa wa kiganja, chenye bamba la shaba na jina lake, mbele ya mlango aliotolewa. Mwalimu akaalikwa. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilikwenda naye kumshika mkono.

Walitupokea vizuri, tena mno. Kulikuwa na maua na hotuba, na mnisamehe nikisema kwamba walijipongeza kidogo. Mwalimu aliwauliza jambo moja tu.

"Kuna chochote cha mama kilichobaki? Hata kijiko?"

Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Serikali ya enzi ile ilichukua kila kitu, walisema.

Basi tukaitwa kunywa kahawa kwa Bi Gerda, nyumba ya jirani. Mwalimu akapapasa mezani kutafuta sukari, vidole vyake vikagusa mfuniko wa bakuli, vikaganda hapo. Kishikio cha mfuniko kilikuwa kimevunjika zamani, na mtu alikuwa amefunga kifungo cha koti mahali pake kwa waya.

"Kifungo hiki ni cha koti langu," alisema taratibu. "Mama alikifunga nikimwangalia."

Bi Gerda uso ukamshuka. "Bakuli lilikuwa la bibi yangu," alisema.

"Alilipata wapi?"

Wote pale mezani walijua. Selma alipochukuliwa, vyombo vyake viliuzwa kwa mnada pale pale mlangoni, na mtaa mzima ukaja kununua kwa bei ya kutupa. Serikali ilichukua, ndiyo. Lakini wao ndio waliobeba mpaka nyumbani.

Mwalimu hakupiga kelele. Alimimina sukari kwenye kisahani, akanishika mkono, tukatoka. Akapiga magoti kwa shida, akaliweka bakuli kando ya jiwe la mama yake, akalia. Watu wakasimama milangoni, hawajui mikono waiweke wapi. Sijapata kuona watu wazima wakiona aibu vile, na mimi mgeni nilishindwa kuwatazama.

Kisha mzee wa nyumba ya mkabala akatoka na kiti. Mwingine akaleta saa ya ukutani, mwingine shuka lililotariziwa herufi za jina lisilo la ukoo wake. Wakaviweka mbele ya Mwalimu. Akavipapasa kimoja kimoja, akatikisa kichwa.

"Hivi si vya mama. Ni vya akina nani?"

Hawakujua. Walivikalia na kuvilalia maisha yao yote, na majina ya wenyewe hawakuwahi kuyauliza. Mwalimu akachukua bakuli lake peke yake, tukarudi Nakuru.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka wanapopiga magoti kusugua shaba ya jiwe la Selma na ya mawe mengine yaliyowekwa baada yake, watu wa Mtaa wa Wafinyanzi hutoa nje vitu vile na kuvipanga njiani. Mpita njia akiuliza ni vya nani, hujibiwa jina, kama limekwisha kupatikana. Kama bado, mwenye nyumba huinamisha kichwa na kunyamaza, kwa sababu hakuna tena anayethubutu kusema, "Ni vyangu."