Gari la Viti Viwili na Mama Mkwe wa Nyati

Hapo kale sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na leseni za udereva, Nyati alitaka kufanya jambo ambalo hadi leo nikilisimulia nashika kichwa.

Nyati alikuwa na pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma. Haikuwa nzuri. Mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Lakini alfajiri ilibeba maziwa, asubuhi ikapeleka ndama shule, jioni ikarudi na majani. Na kila Jumatatu ilimpeleka kliniki mama wa jirani yao Digidigi, maana bibi huyo alikuwa mgonjwa wa figo, na mlimani kwao hapakuwa na gari jingine la kumfikisha.

Sasa Chui, jirani wa ng'ambo ya mto, alikuwa na gari la spoti la zamani. Jekundu, limelala chini, karibu linakwangua nyasi. Likiwashwa, vruuum! Vifaranga wote mbio kwa mama zao. Chui akamwambia Nyati wabadilishane, gari kwa gari. Hakumwambia kwamba lilikuwa likilala kwa fundi zaidi kuliko kwake, wala kwamba taa yake ikivunjika, nyingine inatafutwa nchi za mbali.

Nyati akalipenda papo hapo. Alilizunguka, akakalia kiti kimoja, akakalia na cha pili huku anacheka, akajitazama kwenye rangi yake, akaona pembe zake zimezidi kupendeza. Mkewe alipouliza maziwa yatakaa wapi, akajibiwa yatakaa mapajani. Alipouliza na ndama je, akaambiwa watoto wa siku hizi hawatembei, ndiyo maana wananenepa. Maziwa mapajani, jamani! Baba mzima na akili zake.

Digidigi aliposikia, moyo ulimruka. Bila pikapu, mama yake angekufa kitandani. Alikuwa mdogo, miguu kama vijiti, na alijua kwamba Nyati akipingwa huinamisha pembe. Kwa hiyo hakumpinga. Alikwenda kumsifu.

"Kaka Nyati, gari limekupendeza," alimwambia. "Ila msibadilishane kabla mama mkwe wako hajalipanda. Kitu kikubwa hivi kiingie nyumbani bila baraka zake? Watu watasemaje?"

Nyati akaona kweli, hiyo ni heshima. Akamwomba Chui amwazime gari kwa siku moja, naye Chui achukue pikapu aijaribu. Chui akakubali hata kabla hajamaliza kusema. Mama mkwe akatumiwa salamu kwamba Jumamosi mkwewe atampokea kituo cha basi, pale sokoni. Na nani alijitolea kuzipeleka salamu hizo? Digidigi. Tena akamsisitizia mama mkwe huyo asiache nyuma hata gunia moja la viazi.

Sasa nyinyi wa leo hamjui. Kwa kina Nyati, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hakai naye bega kwa bega, na wakikutana njiani humpisha mbali akitazama chini. Kwenye pikapu, mama mkwe alikuwa akikaa viti vya nyuma na binti yake. Nyati aliyajua hayo tangu alipokwenda kuposa, lakini lile gari jekundu lilikuwa limemfutia kila kitu kichwani.

Jumamosi ikafika. Nyati akaingia sokoni kwa mbwembwe, vruuum, vruuum! Mama mkwe akashuka kwenye basi, nyati mkubwa mwenye kanga mpya, na gunia lake miguuni. Akalitazama gari. Akamtazama mkwewe. Akatafuta mlango wa nyuma, akaukosa.

"Mkwe wangu, mimi nakaa wapi?"

Nyati akakitazama kiti kilichobaki, ubavuni mwa chake.

Mama alikuwa amechoka na safari, na hakutaka kumwaibisha mkwewe mbele za watu. Akajiingiza kinyumenyume. Kumbe kiti kilikuwa chini kuliko alivyodhani. Puuu! Miguu ikawa juu. Waliokuwa wakinunua nyanya walifumba macho kwa aibu. Gunia nalo akawekewa tumboni, kwa sababu nyuma palitosha mwavuli tu.

Nyati akaendesha huku nusu ya mwili wake iko nje ya dirisha, bega lisije likamgusa mama. Hawakufika mbali. Pale penye tuta, kwaaaa! Tumbo la gari likakaa juu ya tuta, magurudumu yakabaki yakizunguka bure, na moshi ukafuka. Mama akataka kutoka, kiti kikakataa kumwachia. Nyati akazunguka upande wake, akanyoosha mkono, akakumbuka, akaurudisha haraka kama aliyeshika jiko. Akanyoosha tena, akaurudisha tena. Nimesikia mengi, watoto wangu, lakini dume lenye nguvu zote zile kusimama linalia kando ya mama mkwe wake! Sijapata kusikia.

Digidigi akapenya katikati ya watu pamoja na kina mama wa sokoni. Wakamvuta mama mpaka akatoka, kanga ikabaki ndani. Akajitanda ya kuazima. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Nyati zaidi.

"Baba," alisema akitazama pembeni, "iko siku nitaumwa, mtakuja kunichukua. Binti yangu atakaa wapi siku hiyo?"

Nyati alitimua mbio hadi kwa Chui, akamkuta ameshapakia magodoro kwenye pikapu na anaimba. Akayashusha yote, akachukua ufunguo, akamwambia gari lake liko juu ya tuta.

Jumatatu pikapu ikawachukua Digidigi na mama yake kama kawaida. Njiani Nyati akasema polepole, "Ulijua mama atakosa pa kukaa."

"Nilijua lina viti viwili," Digidigi akajibu. "Na wewe ulijua, kaka. Ulivikalia vyote viwili, kimoja baada ya kingine, huku unacheka."

Nyati akashika usukani na kunyamaza mpaka mlangoni pa kliniki, nami nanyamazia hapo hapo, ila mshike hili: kabla hujalipenda gari, wahesabu kwanza wote wanaokutegemea uwabebe.