Jasho la Mlima Mweusi

Hapo zamani za kale, wanangu, palikuwa na jangwa juu kabisa kwenye nyanda za baridi, na katikati yake mlima mweusi. Mlima huo uliwahi kutapika moto. Moto ukapoa ukawa mawe, ila tumbo lenyewe halikupoa, na kwenye nyufa mvuke ulitoka, fuuu, fuuu. Mnacheka? Haya, chekeni, mimi naendelea.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Wanyama wote midomo iliwapasuka kwa kiu, isipokuwa Bi Pimbi na wanawe. Mzee Fisi akaliona hilo.

"Bwana Chui," alisema, "yule mdogo anapika uji. Maji kayatoa wapi?"

Tangu hapo wawili hao wakawa wanachungulia nyumba ya Bi Pimbi, na kila mmoja akimchungulia mwenzake pia, asije akatangulia kujua.

Asubuhi moja wakabisha hodi.

"Karibuni, majirani," alisema Bi Pimbi. Wanawe walikuwa wamejibanza nyuma yake.

"Tuonyeshe kisima chako," alisema Chui, macho kwa watoto. "Usipotuonyesha, kitoweo cha leo tumeshakiona."

Bi Pimbi aliogopa sana, akawaonyesha. Juu ya ufa mmoja alikuwa ameinamisha bamba la jiwe, na chini ya ncha yake ameweka kibuyu.

"Mvuke unagonga jiwe baridi, unakuwa matone. Ti, ti, ti, mpaka kibuyuni. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha."

Fisi akamtazama Chui. "Moshi utoe maji? Huyu anatuona wajinga."

"Kibuyu hiki kakiweka makusudi," alisema Chui. "Kisima kiko kwingine."

Hata kuonja hawakuonja. Bi Pimbi alishangaa, kisha akili ikamjia. Kumbe ukweli hawautaki hawa.

"Basi, mmenishinda," alisema kwa unyonge. "Tafuteni mnapotaka. Ila nawaomba, jirani zangu, msishuke kwenye lile shimo la kileleni, lenye majivu. Kule hakuna kitu kabisa."

"Umesikia?" alinong'ona Fisi.

"Nimesikia."

Wakapanda mbio. Walipofika ukingoni, majivu yakawatelezesha, shaaa, wakaporomoka mpaka chini. Wakachimba, kwaru, kwaru. Vumbi tupu. Jua likapanda, nao wakaanza kutazamana.

"Mbona unachimba ukinipa mgongo?" aliuliza Chui.

"Na wewe mbona pua yako imelowa?"

"Ni jasho."

"Jasho, au umeshakunywa ukafukia?"

"Wewe ndiye uliyefukia. Nimekuona ukisukuma majivu."

Wakashikana, wakararuana manyoya. Kila walipojaribu kupanda, majivu yaliwarudisha chini, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye anayemvuta asitoke. Walipotoka hatimaye, Chui alishika njia ya kuhama jangwa, akijisemea kwamba hawezi kuishi na mwizi wa maji. Fisi akamfuata kwa mbali, akisubiri kumfuma akienda kunywa. Mpaka leo Chui akitembea, Fisi yuko nyuma yake, anasubiri.

Bi Pimbi akawamiminia wanawe uji, wakanywa wakashiba.

Basi wanangu, anayemshuku kila mtu ndiye rahisi kumdanganya, kwa sababu hata akiwekewa ukweli mbele yake ataupita.