Viazi Vilivyotupwa Chini ya Mlima

Ndugu zangu, mmechoka, na mimi nimechoka. Nitasema kwa kifupi.

Palikuwa na binti mmoja, mwendesha baiskeli za mashindano huko kwenye milima ya kahawa. Alitaka jambo moja tu: kuchaguliwa kwenye timu ya taifa. Kocha wake akamwambia, "Ukipungua kilo tano, mlima utaupanda kama unateremka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Binti akaanza na baiskeli. Akang'oa kengele, akang'oa kishikio cha chupa, mpaka baiskeli ikawa haina tena cha kung'olewa. Ndipo akaugeukia mwili wake.

Kila Jumamosi alipanda mizani ya ghala la kahawa. Uji akaacha, ugali akaacha. Mezani alikoroga mchuzi tu, ili mama aone mkono unatembea. Mwanzoni kweli aliongeza kasi, na watu wakampigia makofi. Baadaye siku zake za mwezi zikakatika, usingizi ukamkimbia, ngazi tatu za nyumbani zikamshinda. Alichoka, jamani! Uchovu ambao kulala hakuuondoi. Je, aliacha? Hakuacha. Alijiona bado mzito.

Siku ya mchujo mama yake alimfuata pale pa kuanzia, akamtilia viazi vitamu vitatu vya kuchemsha kwenye mifuko ya mgongoni ya fulana.

"Mama, hivi vizito."

"Wewe ulikuwa mzito zaidi mgongoni kwangu, mwanangu. Beba."

Akabeba, kwa heshima tu. Lakini chini ya mlima wa mwisho, akiwa anaongoza, alivitoa akavitupa nyasini.

Kona ya tatu miguu ikagoma. Akashuka, akakaa kando ya barabara, akitetemeka kwa baridi juani. Mwenzake mmoja, mpana wa mabega, akampita huku anatafuna.

Mashindano yalipokwisha, binti alimpa mkono mshindi. "Hongera, dada. Nguvu zile ulizitoa wapi?"

"Hata mimi nilikuwa nimekwisha. Nikaona viazi nyasini pale chini ya mlima, nikashuka nikaviokota. Sijui ni vya nani. Mungu ambariki aliyevichemsha."

Mama alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia kila neno.

Sisi je? Tukichoka, huwa tunatupa nini kwanza? Kijicho hatutupi. Tunatupa usingizi, tunatupa chakula cha pamoja na wanetu, tunatupa sala ya asubuhi, halafu tunalalamika kwamba Mungu ametuacha mlimani. Si kila kizito ni mzigo, ndugu zangu. Kingine ni chakula cha njiani. Na wale waliopiga makofi ni akina nani, kama si sisi tunaomwambia binti wa watu mlangoni mwa kanisa, "Umepungua, umependeza"?

Mama hakumgombeza. Alikuwa amebakiza kiazi kimoja ndani ya kitenge. Akakimenya, akamwambia, "Kula."

Nasi tumebakiziwa kimoja. Tukale.