Kanga Alivyompigia Debe Fisi

Masikio yapo?

Yapo!

Na yafunguke basi, maana hadithi hii hainipi raha hata mimi ninayeisimulia.

Hapo zamani, zamani sana, jua liliwaka mpaka visima vya karibu vikakauka. Maji yakabaki nyuma ya mlima. Watoto hawakuweza kutembea mwendo ule, hivyo kina mama wakatafuta mlezi wa kubaki nao.

Fisi akaitaka kazi hiyo. Lakini nani angemwamini Fisi? Akamwendea Kanga, mwenye debe kuukuu na sauti ya kusikika vilima viwili.

"Dada Kanga, nipigie debe."

"Wewe? Sithubutu!"

Akaja tena na konzi moja ya kumbikumbi. Kanga akala, akakataa. Akaja mara ya tatu na kapu zima. Kanga akala, akashiba, na shibe ikamlegeza.

Akapiga debe, ti-ti-ti! "Fisi ameokoka! Fisi siku hizi anakula majani! Leteni watoto kwa Fisi!"

Swala akamuuliza, "Mwenzetu, umewahi kuingia nyumbani kwake?"

"Ya nini? Namjua!"

"Vizuri. Unajua mila yetu. Mpiga debe hutanguliza watoto wake."

Lo! Kanga akanaswa na maneno yake. Mila aliijua, ila kumbikumbi walikuwa wamemsahaulisha. Angekataa, angeaibika mbele ya wote. Asubuhi akawapeleka vifaranga wake watano.

"Karibuni, wajomba," Fisi akasema, akafunga mlango.

Kanga akashika njia ya majini. Akageuka mara ya kwanza, kimya. Akageuka mara ya pili, kimya. Mara ya tatu moyo ukamshinda, akarudi mbio, akatega sikio ukutani.

"Hawa ni wadogo mno," Fisi alikuwa akijisemea. "Nitawavumilia mpaka waje wanono, watoto wa Swala, watoto wa Nyati."

Maskini Kanga! Akakimbilia debe lake, akalipiga kwa nguvu zote. "Msilete watoto! Msilete!"

Lakini debe ni debe. Huko mbali maneno hayakufika, ulifika mlio tu. Kina mama wakaambiana, "Kanga anatuita tena, twendeni upesi!" Wakabeba watoto, wakaja mbio. Kadiri alivyopiga ndivyo walivyozidi kukimbia.

Kanga akaliona vumbi lao. Akalitupa debe, akaruka kuwakinga njiani.

"Rudini! Fisi atawala watoto!"

Swala akakasirika. "Jana leteni, leo rudini. Tushike lipi?"

"Wanangu wamo ndani, dada!" Kanga akalia. "Wamo ndani, na mimi ndiye niliyewatia!"

Hapo wakamwamini. Nyati akauvunja mlango kwa pembe. Fisi akachomokea nyuma, kinywa kimefumbwa, hata tusi hakutoa.

Vifaranga wakatoka mmoja mmoja, wanne. Kanga akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Akaita mara ya tatu, akaangalia njia aliyokimbilia Fisi, akakumbuka kinywa kile kilichofumbwa.

Kina mama hawakumsuta. Swala alimshika bawa wakarudi naye.

Sasa, nyinyi mnaopenda kusema, "Nipigie debe, nami nitakupigia," sikilizeni maana yake. Kumpigia mtu debe si kupiga kelele. Ni kusema, "Huyu namjua, na akiharibu, nimeharibu mimi." Kama huwezi kumwachia mwanao, usiwaambie wenzako wamwachie wao. Msifu mtu baada ya kuingia kwake, si baada ya kula chake.

Hadithi naiweka chini. Atakayeiokota aende nayo kwao, na atakayeiona nzito aniachie, nimeshazoea kuibeba.

Tumeiokota!

Haya, kalaleni.